Goitein alikuwa nani, na tumwamini kiasi gani?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nasoma historia, mwaka wa pili, na kwetu ni Mombasa. Kila kitabu cha biashara ya Bahari ya Hindi ninachofungua, nyuma kule kwenye marejeo namkuta mtu mmoja, S. D. Goitein. Ustadhi wangu wa madrasa ananiambia huyo alikuwa Myahudi, tena alisomea Qurani. Alikuwa nani, na hasa alifanya nini? Na kwa kuwa ni Myahudi aliyeishi Yerusalemu, tumwamini anapoandika habari za Waislamu? Mwisho, mbona pwani yetu siioni ndani ya vitabu vyake?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ustadhi wako amesema kweli kwa yote mawili. Goitein alikuwa mtoto wa rabi, na shahada yake ya udaktari ilihusu sala katika Qurani. Lakini ukiishia hapo utadhani alikuwa mtu wa kulinganisha dini. Kazi iliyofanya umkute kila mahali ni nyingine kabisa. Alisoma barua za wafanyabiashara, hesabu za maduka, mikataba ya ndoa na mashauri ya mahakamani, makaratasi ambayo wenyewe walishamaliza haja nayo miaka mia nane au tisa iliyopita, akatoa humo maisha ya watu ambao hakuna mwandishi wa tarehe aliyejishughulisha kuwataja.

Nikupitishe haraka kwenye maisha yake. Shelomo Dov Goitein alizaliwa tarehe 3 Aprili 1900 huko Burgkunstadt, mji mdogo wa Bavaria, Ujerumani. Alisoma Frankfurt na Berlin. Mwalimu wake mkubwa wa Kiarabu alikuwa Josef Horovitz, ambaye naye aliwahi kufundisha Aligarh, India. Mwaka 1923 akapanda meli kwenda Palestina, na humo melini alikuwemo kijana mwenzake Gershom Scholem, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa elimu ya Kabbala, yaani tasawufi ya Kiyahudi. Goitein akafundisha shule Haifa, na mwaka 1928 akaingia Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu kufundisha mambo ya Uislamu. Mwaka 1936 alitoa chapa iliyohaririwa ya juzuu moja ya Ansab al-Ashraf, kitabu kikubwa cha al-Baladhuri, mwanahistoria wa Baghdad wa karne ya 9. Kwa miaka kumi, 1938 hadi 1948, alikuwa pia ofisa wa elimu katika serikali ya Waingereza huko Palestina. Mwaka 1957 akahamia Marekani, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kisha Princeton, na huko ndiko alikofariki tarehe 6 Februari 1985.

Kabla sijafika kwenye yale makaratasi, nikupe mfano mmoja wa alivyosoma Qurani, kwa sababu utakusaidia na lile swali lako la uaminifu. Aliuliza: kwa nini Ijumaa? Akaenda kwenye Sura al-Jumua, pale Waumini wanapoambiwa waache biashara adhana ikiadhiniwa, na wanapolaumiwa wale waliomwacha Mtume amesimama wakakimbilia biashara au pumbao. Maelezo yake ni kwamba Ijumaa ilikuwa siku ya soko Madina. Wayahudi wa mji walinunua mahitaji yao siku hiyo kwa kuwa kesho yake ni Sabato, watu wa pembezoni wakaja kuuza, na kwa hiyo ndiyo siku ambayo mkusanyiko ulikuwa tayari upo. Unaweza kumkubali au kumkataa. Ila angalia anavyokwenda: hasemi fulani kaiga kwa fulani, kama walivyopenda kusema wasomi wengi wa Ulaya wa wakati wake. Anatafuta sababu katika maisha ya watu, nani ananunua, nani anauza, siku gani. Huyo ndiye Goitein.

Jambo la pili lililomtengeneza ni Yemen. Wayahudi wa Yemen waliohamia Yerusalemu walikuwa wakiongea Kiarabu chao cha milimani, na Goitein alikaa nao miaka mingi akiandika methali zao, hadithi zao na desturi za arusi. Methali alizichapisha mwaka 1934. Mwaka 1949 alikwenda hadi Aden kuwahoji wengine waliokuwa wakisubiri kusafirishwa kwenda Israeli. Kwa maoni yangu hii ndiyo shule iliyompa faida kuliko Frankfurt. Profesa wa maandishi ya zamani akishasikia mfumaji akibishana bei na mama mkwe akigombana na mke wa mwanawe, kwa lugha ileile ya kwenye hati, hazisomi tena hati zile kama mtu wa kamusi.

Sasa makaratasi yenyewe. Fustat ni Misri ya Kale, kusini mwa Kairo ya leo, na humo mna sinagogi la Ben Ezra. Wayahudi, kama Waislamu wanavyofanya na kurasa za msahafu zilizochakaa, hawatupi ovyo karatasi iliyoandikwa jina la Mungu. Huweka kando mahali maalumu, paitwapo geniza, halafu huzika. Wa Fustat wakaweka ila hawakuzika, karne na karne, na hawakuweka vitabu vya dini tu. Waliweka karibu chochote kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Wewe wa Mombasa utaelewa upesi: kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tenzi na barua za kudai deni pia, Wayahudi wa Misri waliandika Kiarabu chao cha kila siku kwa herufi za Kiebrania. Kwa hiyo barua ya kuulizia bei ya pilipili ilitunzwa pamoja na Taurati.

Mwaka 1896 ndugu wawili pacha kutoka Uskoti, Agnes Lewis na Margaret Gibson, walirudi Cambridge na kurasa walizonunua Mashariki. Solomon Schechter, mwalimu pale, alipotambua moja yake akafunga safari ya Kairo, na kwa ruhusa ya wakuu wa jumuiya akachukua shehena nzima. Cambridge leo ina vipande karibu 193,000. Vingine vimetawanyika Oxford, New York, Budapest, Saint Petersburg na kwingineko. Wasomi wa kwanza wengi walikimbilia vitabu vya dini na mashairi. Barua na risiti ziliguswa na wachache, na zilizobaki zilirundikwa kando.

Goitein aliingia kwenye kazi hii amekwisha kuwa mtu mzima. Mwaka 1948 alikwenda Budapest kutazama hati zilizokuwa huko, na baada ya muda mfupi akakutana na vipande vya shauri la miaka 1097 na 1098 la mfanyabiashara Joseph Lebdi, mtu wa Tripoli ya Libya aliyefika India. Vipande vya shauri hilohilo vilikuwa vimelala katika maktaba tofauti, hakuna aliyejua kuwa ni ndugu. Akaamua kuandika kitabu cha biashara ya India. Akakusanya, akakusanya, kisha akagundua kwamba hawezi kumwelewa mtu wa Malabar, pwani ya kusini-magharibi ya India, bila kuielewa nyumba yake Fustat, shemeji yake Sisilia na mshirika wake Tunisia. Akakiweka kitabu cha India kando, akageukia Mediterania. Aliyodhani ni kazi fupi ikawa juzuu tano za A Mediterranean Society: uchumi (1967), jumuiya (1971), familia (1978), maisha ya kila siku (1983) na mtu binafsi (1988). Ya tano ilitoka yeye akiwa kaburini.

Usifikiri kusoma barua moja ni jambo la asubuhi. Mwandishi anaanza na dua ndefu kwa anayemwandikia, huku akimwomba Mungu awakutanishe. Kisha anaingia kwenye shughuli bila aya wala nukta, akijaza karatasi hadi chini. Nafasi ikiisha anaigeuza na kuendelea pembeni, halafu juu, kichwa chini miguu juu, na mara nyingi neno muhimu kuliko yote liko huko pembeni: usimpe fulani fedha, au mtoto amepona. Anuani iko nyuma. Barua moja huandikwa nakala mbili tatu na kupelekwa kwa vyombo tofauti, maana chombo huzama. Na msomaji wa leo anapata robo ya karatasi, imeliwa na wadudu. Goitein alinakili, akatafsiri, na kila jina, bei, bidhaa na ugonjwa akauandikia kadi yake. Kadi zilifika kama 27,000. Kwa kadi hizo ndipo alipoweza kusema, kwa mfano, kwamba familia ya hali ya kawaida Fustat iliweza kuishi kwa dinari mbili kwa mwezi, na mtu yeyote anayepima utajiri wa Misri ya Wafatimi, dola iliyoitawala nchi hiyo wakati ule, leo anaanzia hapo.

Nikuonyeshe mtu mmoja, ili usibaki na takwimu. Karibu mwaka 1100 palikuwa na mwanamke Fustat akiitwa Karima, lakini mji mzima ulimjua kwa jina la al-Wuhsha. Alikuwa dalali, tajiri wa kujitegemea. Aliachana na mume, kisha akapata mimba kwa mtu aitwaye Hassun. Hati moja ni ushahidi wa mtu wa sinagogi aliyeeleza jinsi al-Wuhsha alivyomwendea akiwa na hofu: yeye na Hassun waliandikishana mbele ya Waislamu, lakini anaogopa bwana huyo atamkana mtoto. Akashauriwa akusanye watu wawafumanie pamoja, wawe mashahidi. Akafanya hivyo. Siku ya mfungo mkuu wa Wayahudi alipokwenda kuswali, mkuu wa sinagogi akamtoa nje. Halafu tunao wasia wake. Anapanga mazishi ya gharama, hadi dinari 50, yaani chakula cha familia ya kawaida kwa miaka miwili na zaidi. Anamwachia mwanawe mali na kumwekea mwalimu. Hassun hampi kitu, ila anafuta madeni yake. Na masinagogi anayaachia fedha za mafuta ya taa ili watu wasome usiku, pamoja na lile lililomtoa nje. Goitein alizikuta karatasi hizi mojamoja, mahali mbalimbali, akamuunganisha mwanamke huyu. Hakuna kitabu cha zama zile, cha Kiarabu wala cha Kiebrania, kilichomtaja.

Sasa swali la kumwamini. Mimi nalijibu kwa kukuonyesha alipojisahihisha. Kabla ya kuzisoma hati, Goitein, kama wengi waliotegemea vitabu vya fiqhi na tarehe, alidhani jizia, kodi waliyotozwa wasio Waislamu, ilikuwa nyepesi. Hati zikamkatalia. Akawakuta maskini wanaojificha ndani wasionwe na mtoza kodi, watu waliowekwa gerezani kwa kushindwa kulipa, wajane wanaoomba wasaidiwe kulipia watoto. Akaandika wazi kwamba hakuna jambo katika historia ya jamii za Kiislamu lililomlazimu kubadili maoni yake kama hili. Lakini hakugeuka kuwa mtu wa upande wa pili. Kurasa zilezile zinaonyesha Myahudi na Mwislamu wakiwa washirika wa biashara moja, nyumba zao zikipakana bila mtaa wa kutengwa, na Wayahudi wakipeleka mashauri kwa kadhi kwa hiari yao pale sheria yake ilipowafaa zaidi. Vyote viwili viko kwenye karatasi, na vyote viwili ameviandika. Na alifanya kazi hii katika miaka ambayo vita vya Palestina vingemrahisishia mtu yeyote kuchagua kimoja.

Usimchukue kama msahafu, hata hivyo. Aliamini serikali ya Wafatimi iliwaachia wafanyabiashara nafasi kubwa na haikuingilia sana. Marina Rustow, katika kitabu cha mwaka 2020, amezifuatilia hati za serikali hiyohiyo zilizokatwakatwa na kutumiwa upya, zenye Kiarabu upande mmoja na Kiebrania upande wa pili, na dola inayotokea humo ilikuwa na makarani wengi na kumbukumbu nyingi. Goitein aliamini pia kwamba wafanyabiashara wa Maghribi, yaani wa Afrika Kaskazini, waliendeshana kwa urafiki na sifa njema. Wanauchumi wakalivuta wazo hilo mbali, wakijenga juu yake nadharia nzima ya biashara bila mahakama, hadi wanahistoria kama Jessica Goldberg walipoonyesha kuwa watu hao walikwenda mahakamani, na sana. Hilo la pili sioni haki kumtwika Goitein. Yeye alichapisha mashauri mengi mno kuweza kudai hivyo.

Ninapomlaumu mimi ni utumwa. Aliueleza kuwa ni utumishi wa mtu kwa mtu, ambao ukiwa chini ya bwana mkubwa ulileta faida na hadhi. Ni kweli kwa mtumwa wakala aliyetumwa na fedha za bwana wake. Lakini karatasi zilezile zina mikataba ya kuuziana wasichana wa Kinubi, na hao hawakuandika barua. Sisi tuliokulia mwambao huu, ambao historia ya utumwa tunatembea juu yake, hatuwezi kupita hapo bila kusimama.

Nimalizie pwani. Njia ya watu wa Fustat ilikuwa hivi: kupanda mto Nile hadi Qus, kuvuka jangwa hadi bandari ya Aydhab, Bahari ya Shamu hadi Aden, kisha upepo wa kusi hadi Malabar. Pale Aden mwakilishi wao alikuwa Madmun ben Hasan. Mangalore, bandari ya India, katika miaka ya 1130 na 1140, aliishi Abraham Ben Yiju, mzaliwa wa al-Mahdiyya, Tunisia. Alikuwa na karakana ya shaba: marafiki wa Aden walimpelekea vyombo vilivyovunjika, wakaeleza uzito na umbo, naye akawarudishia taa na masinia mapya. Wao wakampelekea sukari, zabibu kavu na karatasi nzuri za Misri. Mwaka 1132 alimwandikia uhuru mjakazi wake wa Kihindi, Ashu, na inaaminika ndiye mama wa watoto wake. Mwaka 1149 alirudi Aden, akasikia jamaa zake wamefukuzwa na vita vya Wanormani na kufika Sisilia, akawaandikia: nina mali, nina binti, mpeni mmoja wa vijana wenu amwoe. Binti akaolewa na mtoto wa ammi yake Fustat mwaka 1156.

Nchi ya Zanj, kama Waarabu walivyoiita pwani yetu, inatajwa kwenye barua hizi kwa kupita tu, kama mahali ambapo vyombo vinatoka kuja Aden. Sababu si kwamba hapakuwa na kitu. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi ni ya mwaka 1107, miaka kumi tu baada ya shauri la Lebdi. Lakini pembe za ndovu za huku, kama mwandishi wa Kiarabu al-Masudi alivyoeleza katika karne ya 10, zilipitia Oman kwenda India na China. Waliozibeba walikuwa watu wengine, na barua zao, kama ziliandikwa, hazikuwekwa kwenye chumba cha Ben Ezra. Ukimya wa geniza juu ya Mombasa ni ukimya wa njia moja ya biashara. Ukimkuta mtu anautumia kuthibitisha kwamba pwani yetu ilikuwa pembeni mwa dunia, mwulize karatasi za Siraf, bandari ya Uajemi, na za Sohar ya Oman ziko wapi.

Kitabu cha India ambacho Goitein alikiweka kando hakukimaliza. Mordechai Akiva Friedman alikichukua, na kikatoka kwa Kiingereza mwaka 2008, miaka 23 baada ya kifo cha mwenye kukianza. Hicho ndicho ukitafute kwa insha yako ya Bahari ya Hindi. Kama muda ni mdogo, anza na mkusanyo wake wa barua wa mwaka 1973, ambao ni mwembamba na umetafsiriwa kwa Kiingereza chepesi. Juzuu tano usizifungue kutoka mwanzo, chukua ya tatu, ya familia, usome sehemu ambamo al-Wuhsha anatokea. Na Princeton wameziweka hati na kadi zake kwenye intaneti bila malipo. Andika neno Aden kwenye sehemu ya kutafuta, uchague barua moja, uilinganishe na alivyoieleza yeye. Ukikuta amekosea mahali, niletee.